Tisa au arobaini na tano? Jumamosi yetu kwenye uwanja wa shabaha

Makala hii ilianzia kwa baba wa mwenzetu mmoja. Anafanya kazi ya usiku kwenye duka la kituo cha mafuta hapa Columbus, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa Januari vijana wawili waliingia, mmoja akamwelekezea bastola usoni. Aliwapa fedha zote zilizokuwamo kwenye droo, wakatoka. Hakuumia. Lakini tangu usiku ule halali mpaka akague milango ya nyumba mara tatu. Siku moja tulipoalikwa kwao kula pilau, alituita sebuleni akasema: "Nyinyi ndio mnaosoma. Nataka kununua bastola. Niambieni ninunue ipi."

Tulimjibu kwamba chama chetu kinajua ngeli, hakijui bastola. Akasema, "Basi someni."

Tukasoma, na tuliyoyapata tunawaletea wanachama na walimu wetu, maana katika jimbo kama Ohio swali hili haliko mbali na familia zetu kama tulivyokuwa tukidhani. Tangu Juni 2022, mtu mzima mwenye miaka 21 ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza kutembea na bastola iliyofichwa bila kuomba kibali. Sisi wenyewe karibu wote tuna miaka 19 na 20. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21. Wazazi wetu ndio wanaonunua, na sisi ndio tunaoitwa kuwasomea maandishi madogo.

Swali la kwanza la kila mnunuzi ni kaliba, yaani kipenyo cha risasi pamoja na ukubwa wa ganda lake. Hapa tuvumilieni kidogo, hiki ni chama cha lugha. Watangazaji wa mpira husema "mchezaji wa kaliba yake", na sisi tulidhani ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kumbe wanaisimu wengi hulirudisha neno hilo, hata huko Ulaya, kwenye Kiarabu qalib, yaani umbo la kumiminia madini yaliyoyeyuka, na Kiswahili kina neno lake kalibu lenye maana hiyohiyo. Na risasi ilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kile kinachotoka kwenye mtutu. Kwa hiyo Baba alipotuuliza habari za kaliba na risasi alikuwa, bila kukusudia, anatupeleka kwa mfua vyuma.

Kaliba za Kimarekani huhesabiwa kwa sehemu za inchi. Arobaini na tano ni sehemu 45 katika 100 za inchi, kiasi cha milimita 11 na nusu. Ishirini na mbili ni ndogo kabisa, haifiki milimita 6. Tisa ni ya Ulaya, nayo huhesabiwa kwa milimita. Ila usiyaamini sana majina. Risasi ya thelathini na nane kwa kweli ni sehemu 357 katika 1,000 za inchi, na ile iitwayo mia tatu themanini ina kipenyo sawa na tisa, isipokuwa ganda lake ni fupi na baruti yake ni kidogo.

Baba alikuwa ameshachagua kabla ya kutuuliza. Alitaka arobaini na tano. Binamu yake aliyeko Texas alimwambia kwamba aliyepigwa na arobaini na tano hasimami tena. Tukataka kujua maneno haya yametoka wapi, maana kila duka tuliloingia kuna mzee mmoja anayeyasema.

Yametoka Ufilipino. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Marekani lilikuwa likipigana na Wamoro, Waislamu wa visiwa vya kusini waliokuwa wakilinda nchi yao. Askari walikuwa na bastola za thelathini na nane, wakalalamika kwamba Mmoro aliyepigwa risasi kadhaa aliendelea kuja na upanga wake mpaka akawafikia. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na daktari LaGarde, wakapewa kazi ya kupima risasi za ukubwa mbalimbali. Walipiga maiti, na wakapiga ng'ombe kwenye machinjio ya Chicago, kisha wakaandika kwamba bastola ya jeshi isiwe chini ya arobaini na tano. John Browning, fundi kutoka Utah, akatengeneza risasi na bastola ya kuipigia, na mwaka 1911 jeshi likaipokea. Ilikaa kiunoni mwa askari wa Marekani mpaka mwaka 1985, ilipopokelewa Beretta ya milimita 9. Mwenzetu ambaye wazazi wake ni wa Mombasa alisema kwamba katika vitabu vyote alivyopitia hakuna aliyewauliza Wamoro habari za kaliba. Tumeona tuliache neno lake hapa.

Tisa ni kubwa kuliko arobaini na tano kwa umri, kwa miaka michache tu. Aliitengeneza Georg Luger huko Ujerumani, na mwaka 1908 jeshi la nchi kavu la Ujerumani likaichukua. Kwa muda mrefu Wamarekani waliidharau, na siku moja ikawapa sababu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema na risasi ya tisa iliyopita kwenye mkono, ikaingia kifuani, ikasimama kiasi cha inchi moja tu kabla ya moyo, naye akaendelea kupiga. Baada ya hapo FBI wakatafuta kitu kizito zaidi. Wakajaribu milimita 10, ikawashinda wengi mkononi. Ikafupishwa, na mwaka 1990 ikatokea kaliba ya arobaini, na polisi wa nchi nzima wakaifuata. Miaka ishirini na kitu baadaye FBI hao hao wakarudi kwenye tisa. Walieleza kwamba risasi za kisasa za kaliba zote hufanya kazi karibu sawa, na kwamba askari wao wengi hupiga haraka na kulenga vizuri zaidi wakiwa na tisa, tena kasha lake linabeba risasi nyingi.

Wanavyopima ni hivi: risasi hupigwa kwenye bonge la jelatini linalofanana na nyama kwa ugumu, na inatakiwa iingie kati ya inchi 12 na 18, yaani kiasi cha sentimita 30 hadi 46. Ikipungua haifiki panapohusika, ikizidi inatokea upande wa pili kumtafuta mtu mwingine. (Jelatini yenyewe kwa kawaida hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Waliokuwa na hamu ya kuigusa walipungua ghafla.)

Mwenzetu anayesoma uhandisi alikaa na kalamu. Risasi ya kawaida ya tisa ina uzito wa gramu 7 na nusu hivi, nayo hutoka kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Ya arobaini na tano ina gramu 15, mara mbili, lakini huenda kama mita 255 tu. Ukikokotoa nishati, zinakaribiana mno: jouli 460 kwa 485. Lakini ukizidisha uzito kwa kasi, yaani ule msukumo ambao mkono wako lazima uupokee, arobaini na tano inaizidi tisa kwa karibu nusu nzima. Kwa maneno mengine, unalipa zaidi kiganjani kwa faida ndogo kule mbele. Baba alisikiliza hesabu hii kwa adabu, kisha akasema karatasi ni karatasi, twende tukapige.

Tulikwenda Jumamosi, sita kati yetu pamoja naye. Wenzetu wawili waliokuja kutoka Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi walikaa nyuma ya kioo, na tunaomba kila mwanachama mwenye viza kama hiyo asome sentensi hii mara mbili: sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya kuwinda. "Nilishika mara moja tu kwa kujaribu" si kighairi. Hata kupiga picha na bastola mkononi ni kujitafutia taabu.

Mwenzetu mwingine hakuja kabisa. Wazazi wake walitoka Uvira, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Alipomwaga mama yake Ijumaa akiwa bado na nia ya kwenda, mama alimwuliza: "Sisi tulikimbia mlio huo mpaka tukafika huku, na nyinyi mnaulipia?" Akavua viatu, akabaki. Hatukumbishia.

Uwanja wenyewe ni ukumbi mrefu usio na madirisha. Unavaa vikinga masikio na miwani, na bado kishindo cha kwanza kinakuingia tumboni. Mwalimu wa pale, mstaafu wa jeshi la majini, alitusimamisha nusu saa kabla ya kumruhusu mtu kugusa chochote. Kila bastola ichukulie kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu mahali usipotaka kuharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe umelenga. Na ujue kuna nini nyuma ya shabaha yako. Hiyo ya nne tuliipita haraka siku ile. Baadaye ilitukaba.

Tulianza na ishirini na mbili, kaliba iliyoanza kuuzwa mwaka 1887 na mpaka leo ndiyo inayofundisha watu. Haina msukumo wa kutisha, mlio wake ni mdogo, na unapata nafasi ya kuona makosa yako. Umbali ulikuwa kama mita sita na nusu. Baba alipiga kumi, na zote zingefunikwa na kisahani cha kikombe cha chai. Akafurahi. Kwa tisa, kumi zake zilitawanyika kiasi cha sahani ya wali. Kisha akapewa arobaini na tano, bastola ya chuma ya mtindo ule wa mwaka 1911. Alipiga tano. Moja ilipiga katikati kabisa, kama imepimwa kwa rula. Mbili zilichana ukingo wa karatasi. Mbili hatukuziona hadi leo.

"Lakini hii ya katikati mmeiona?" akasema.

Mwalimu hakubishana naye. Alichukua kasha la risasi, akalijaza mwenyewe, akaficha katikati risasi moja ya mfano isiyo na baruti. Baba akapiga moja, mbili, na ya tatu ikalia ka! tu, bila kishindo. Sote tuliona: mtutu uliinama chini wenyewe, karibu upana wa kiganja. Mkono ulikuwa umeshajua kwamba kishindo kinakuja, ukajikunyata kabla hakijafika. Ndiyo sababu ya zile mbili zilizopotea. Alirudia mchezo huo na tisa, mtutu ukainama kidogo. Kwa ishirini na mbili haukuinama hata chembe. Tulipofika hapo Baba akanyamaza, akawa anatazama mikono yake.

Tusiisingizie arobaini na tano. Mmoja wetu, mrefu na mzito wa mwili, aliipenda kuliko zote. Anasema bastola ile nzito ilimsukuma polepole kama mtu anayekuegemea, wakati tisa ilimrushia kiganja juu. Kwa kutoboa karatasi Jumamosi, nani amkatalie? Kila mtu na mkono wake.

Ilivyotushangaza zaidi ni mia tatu themanini. Kwenye makaratasi ni ndogo, hivyo tulidhani ndiyo laini. Lakini bastola tuliyopewa ilikuwa nyepesi mno, ya kutia mfukoni, na ilimng'ata dada mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka akaiweka chini. Alipopewa tisa ya ukubwa kamili, nzito, alipiga kwa raha. Kumbe uzito wa bastola una neno kama ilivyo kaliba. Tunalisema hili kwa sababu wiki moja kabla, katika duka moja, muuzaji alimpelekea Mama bastola ndogo ya mzunguko, ya thelathini na nane, yenye risasi tano, akamwambia hii ndiyo ya kike. Silaha ile ni nyepesi, kifyatulio chake ni kigumu, na msukumo wake ni mkali. Hata mazoea hayaifanyi laini. Ni ya mtu aliyekwisha kufundishika. Mama aliitazama, akamwuliza muuzaji kama mkewe anayo. Hakujibu.

Halafu kuna fedha. Pale kaunta sanduku la risasi 50 za tisa lilikuwa dola 16, za arobaini na tano dola 28, za ishirini na mbili dola 5. Mwalimu alisema mtu anayeanza apige angalau 100 kwa mwezi, la sivyo amenunua hirizi. Kwa mwaka hiyo ni dola 384 kwa tisa, 672 kwa arobaini na tano, na 120 kwa ishirini na mbili. Kwa mshahara wa kituo cha mafuta, arobaini na tano ingekaa bila kupigwa, na Baba angebaki na mikono ileile inayoinama.

Basi jibu letu la kaliba lilikuwa jepesi. Ishirini na mbili ya kujifunzia na kujifurahishia uwanjani. Kama ni lazima iwepo ya kujilinda, tisa, ya ukubwa wa kutosha kukaa mkononi. Tungeishia hapo, tukapata kurasa mbili nzuri na picha.

Lakini jioni ile tulirudi kwao, na Mama akauliza: "Hiyo tisa yenu itakaa wapi?"

Wanakaa ghorofa ya pili katika jengo la kupanga. Kuta za ndani ni mbao za jasi, mbili nyembamba na uwazi katikati, na risasi ya tisa hupita ukuta wa namna hiyo bila taabu, hata zaidi ya mmoja. Upande wa kulia ni chumba cha watoto. Upande wa kushoto ni jirani mwenye mtoto mchanga. Ndiyo ile kanuni ya nne. Risasi ya kichwa chenye tundu, ambayo hutanuka inapoingia mwilini na kupunguza mbio, imekatazwa vitani tangu Azimio la The Hague la mwaka 1899 kwa ukali wake, lakini hapa polisi na raia huinunua hasa ili isipitilize mtu na kumpata wa nyuma. Hata hiyo, ikimkosa mtu, ukuta wa jasi haiusimamii. Hakuna kaliba ya kujilinda ambayo inaujua ukuta wa jirani.

Mama aliendelea. Wewe ulitishwa wapi? Kazini. Na mwenye duka ameandika kwenye mkataba kwamba mfanyakazi haruhusiwi kuingia na silaha. Kwa hiyo bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya kituo cha mafuta italala nyumbani, usiku, wakati Baba hayupo. Na nyumbani kuna nani? Kuna Mama, wasichana wawili wadogo, na kaka wa miaka 15 ambaye mwaka huu amekuwa mkimya, anakula chumbani, ameacha mpira.

Hapo hakuna aliyezungumza kwa muda. Mwenzetu, dada yake huyo kijana, alikuwa amekaa nasi.

Tulikuwa tumezisoma takwimu tukaziweka kando kwa sababu hazikuhusu kaliba. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia mamilioni ya watu wazima, ukaona kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki mara nane zaidi ya wasio nazo, na wanawake mara 35. Kwa jambo hilo, ishirini na mbili na arobaini na tano hazina tofauti, na mkono haukosi.

Sisi wenyewe hatukukubaliana. Wawili kati yetu wanasema mtu aliyeelekezewa mtutu usoni ana haki ya kutokuwa mnyonge mara ya pili, na kwamba ni rahisi kuhesabu takwimu ukiwa hujawahi kusimama nyuma ya kaunta ile saa tisa za usiku. Wako sawa kwamba hatujasimama. Wengine tunasema mara ya kwanza Baba alitoka salama kwa sababu alitoa fedha haraka na hakuwa na kitu cha kuchomoa. Ubishi huo uliendelea ndani ya gari mpaka chuoni, na bado uko kwenye simu zetu.

Mpaka tunapeleka toleo hili kwa mchapaji, Baba hajanunua bastola. Amemwomba mwenye duka aweke kioo kinene mbele ya kaunta, jibu halijaja. Mtoto wake anamchukua uwanjani kila baada ya Jumamosi moja. Siku hizi wanakwenda wawili, baba na mwana, wanapiga sanduku moja la ishirini na mbili kwa zamu, na dada yake anasema njiani kurudi wanazungumza. Kitu alichokinunua Baba ni kasiki, ya chuma, imepigwa bolti kwenye sakafu ya kabati, na namba yake wanaijua yeye na Mama tu. Ndani yake kuna pasi za kusafiria, vyeti vya uraia, dhahabu ya Mama, na ile karatasi ya arobaini na tano yenye tundu la katikati.